Mwaka Baba Alipoambiwa Amefunga Mvua

Kwetu mchoma matofali hapendwi ikifika Novemba. Kuanzia Juni anapendwa sana, maana kila mwenye ndoto ya nyumba anamtafuta, lakini mvua ikianza kuchelewa macho yote humgeukia yeye. Kila mtu anajua kuwa tofali bichi na mvua haviivi chungu kimoja, kwa hiyo watu husema mchoma matofali ameifunga mvua mpaka amalize kuchoma. Wanasema nusu kwa mzaha, na ile nusu nyingine wanaiacha moyoni. Baba yangu aliifanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, kijijini kwetu kati ya Ilongero na Mtinko, na kila mwaka alirushiwa neno hilo njiani naye akalirudisha. "Nimeifunga, ndiyo. Leteni ng'ombe niifungue." Watu walicheka wakapita, mvua ikaja siku yake, na ng'ombe hatujamwona mpaka leo.

Nalisema hili mwanzoni ili ijulikane kwamba wote waliohusika na yaliyofuata walikuwa wameusikia utani huo miaka nenda miaka rudi. Hakuna aliyedanganyika. Hapo ndipo ninapoumia.

Mwaka ule joto lilikuja vibaya. Sisi wa Singida jua si mgeni wetu, lakini upepo wetu wa asubuhi una ubaridi wake hata wakati wa kiangazi, na mwaka ule upepo ulitoka na moto tangu alfajiri. Kuku walikufa bandani mchana, midomo wazi. Matofali ya baba yalipasuka kabla hayajakauka, kwa kuwa jua liliikausha ngozi ya juu tu na ndani kukabaki tope. Akawa anayafunika majani mchana kutwa, anayafunua jioni, kazi ambayo hakuwahi kuifanya hapo kabla.

Redioni walikuwa wanalizungumza hilo joto, sikatai. Watangazaji walilifanyia mzaha kati ya wimbo na wimbo, wakauliza nani yuko kwenye feni na nani anajipepea kwa daftari. Wataalamu wakaletwa kutuambia tunywe maji mengi na tusitoke nje mchana. Ungedhani mtama unalimwa kitandani. Kwenye televisheni ya dukani tuliwaona watu wa nchi za mbali wamejitosa kwenye mabwawa ya mjini kwa sababu ya joto, na mtangazaji akawasikitikia kwa sauti nzito, nasi tuliosimama pale barazani, jasho limetulowesha mgongo mzima, tukawasikitikia pia.

Kisha mama akaanguka. Alikuwa shambani anakusanya mabua ya msimu uliopita, na jirani aliyepita njia akamkuta amelala, ngozi kavu haina hata tone la jasho, anamwita kwa Kinyaturu dada yake aliyekufa zamani. Tulimpakiza kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia asidondoke, na mwili wake ulinichoma kama sufuria. Zahanati walimtundikia maji. Alipona, lakini hakurudi yule wa zamani. Akitembea juani kidogo kichwa kinamzunguka, anatafuta ukuta wa kushika. Mganga wa zahanati alituonya kwamba akipigwa na jua namna ile mara nyingine huenda asiamke. Tulimshukuru Mungu kwamba bomba la kijiji liko jirani na nyumbani, kwa sababu maji mengine yapo kwenye visima vya mchangani, mtoni, mbali kiasi cha mtu mzima kutoka na kurudi jua likiwa limehama.

Habari za mama ndizo zilizomleta mwandishi wa redio. Alikuwa binti wa makamo yangu, mpole, anatoka kituo kimoja cha mjini, na alikuja akasema anatafuta watu walioumizwa na joto ili nchi nzima iwasikie. Aliwaamkia wazazi wangu shikamoo kwa kupiga goti vizuri hata mama akanikonyeza, kwamba umeona watoto wa wenzangu. Mama mwenyewe alikuwa amejifunga khanga mpya. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni redio, hawatakuona." Akanijibu, "Watasikia kwamba nimevaa vizuri."

Aliongea vizuri sana. Mama si mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alieleza tangu kichwa kilipoanza kugonga shambani, jinsi mikono ilivyoacha kumtii, na kwamba alipokuwa amelala pale chini alisikia kiu hata akataka kula udongo. Yule binti alimsikiliza na macho yakamlengalenga. Baba naye alieleza habari za matofali yanayopasuka, akaeleza vilima vilivyokuwa na msitu alipokuwa kijana na sasa vina mawe matupu. "Na mimi sijitoi," akasema, "tanuri langu linakula kuni." Nilijivunia wazazi wangu siku ile. Niliona kama kwa mara ya kwanza mtu amekuja kutuuliza badala ya kutufundisha.

Tulimchinjia kuku. Wakati wa kunawa, baba mdogo alikuwa ameshafika, maana baba mdogo wangu ana pua ya kuku wa kuchemsha. Tukakaa mkekani wote, ugali wa mtama na mlenda katikati, na kile kinasa sauti kidogo cha binti kikakaa pembeni ya bakuli. Hapo ndipo baba alipomuuliza binti kabila lake. Akalitaja. Baba akapiga kofi pajani kwa furaha. Kumbe ni watani wetu!

Asiyejua utani wa makabila ni nini, namweleza kwa ufupi. Mtani wako anaweza kukuzuia kaburini kwa baba yako akadai mpaka umpe chochote ndipo maiti ishushwe, nawe ukikasirika mkosaji ni wewe. Kwetu sheria hiyo mtoto anaijua kabla hajajua kusoma. Kwa hiyo baba alipogundua yuko na mtani, upole wote wa mchana uliisha. "Ningejua mapema nisingechinja kuku, ningekupikia maganda." Binti hakubaki nyuma. "Ninyi wachawi wakubwa," akasema, "ndio mlioleta joto hili. Mmeifunga mvua." Baba akakunja sura akawa kama chifu. "Tumeifunga. Mimi mwenyewe nimeifunga, nimeizika chini ya tanuri langu pale. Mama yako akitaka mvua alete ng'ombe dume mweusi, na wewe ubaki hapa uwe mke mdogo." Mama akampiga baba kwa upande wa khanga. Baba mdogo alicheka hadi tonge likampalia, ikabidi tumgonge mgongoni. Jioni binti aliondoka na tetea hai amefungwa miguu, zawadi ya watani, na baba alimsindikiza mpaka barabarani.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndivyo tulivyofundishwa.

Siku ya kipindi, mama aliwapigia simu ndugu wote, hata shangazi aliye Shelui kwenye maegesho ya malori, akiwaambia wafungue redio. Mimi nashona nguo kwenye baraza la duka la kijiji, na mwenye duka ana redio kubwa, kwa hiyo mama alibeba kigoda chake akaja kukaa karibu na cherehani yangu. Watu walijaa. Kulikuwa na furaha kama ya harusi.

Mtangazaji wa studio alianza kwa kusema kwamba wataalamu wanathibitisha kuwa dunia inapata joto kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, lakini huko vijijini bado zipo imani potofu zinazorudisha nyuma juhudi. Kisha ikaja sauti ya baba. "Tumeifunga. Mimi mwenyewe nimeifunga, nimeizika chini ya tanuri langu pale." Kikasikika kimya kifupi. "Alete ng'ombe dume mweusi." Hakuna binti akiita mtu mchawi. Hakuna mke mdogo, hakuna kicheko, hakuna baba mdogo anayepaliwa. Sauti ya baba peke yake, nzito, kama mtu anayetoa masharti. Akafuata mtaalamu, akasema elimu zaidi inahitajika kwa wananchi. Ukapigwa wimbo, likaja tangazo la feni.

Watu walicheka kidogo pale mwanzo. Kisha wakaacha, mmoja mmoja. Mama alikuwa bado ameinamisha kichwa upande wa redio. "Mimi mbona sijaongea?" akaniuliza. "Ninakuja baadaye?"

Mama alingoja mpaka taarifa ya habari ilipoanza, ndipo akachukua kigoda chake.

Nilimpigia yule binti siku ileile. Simu aliipokea, hilo namshukuru. Akasema, "Dada, si mimi niliyekata. Kipindi ni kifupi, mhariri ndiye anayechagua." Nikamwambia mhariri hakuwa kwenye mkeka wetu, wewe ulikuwepo, na wewe ni mtani, unajua alichosema mzee. Nikamwomba warudishe kile kipande kizima, na kicheko chake, basi, watu wasikie. Akasema sauti nyingine zimeshafutwa. Kisha, na hili sijalisahau, akaniambia nisihuzunike kwa kuwa kipindi kimependwa sana na watu wengi wamepiga simu kuchangia maoni. Nilisikia jogoo nyuma yake, nikajiuliza kama ni mtaa wake tu au na tetea wetu yupo hapo. Asante ya punda ni mateke, wahenga walishasema, lakini teke la mtani sikuwa nimewahi kulionja.

Neno lililozunguka kijijini lilikuwa moja: "Amesema mwenyewe." Ukimwambia mtu kwamba ulikuwa utani, anakujibu amesema mwenyewe, redioni, na redio ya serikali au isiyo ya serikali kwa mtu wa kawaida ni redio. Wale walioambiwa neno hilohilo na baba njiani mwaka jana na juzi, wakacheka naye, sasa walinitazama kana kwamba nimewaficha kitu. Msikitini waliswali kuomba mvua, kanisani wakaomba, na mvua haikuja. Baada ya swala baba alipotoka, hakuna aliyetembea naye. Na Mwislamu kusema kwamba ameifunga mvua si utani mdogo, ni shirki, ni kumshirikisha Mungu. Imamu alimwita pembeni akamwambia kwa upole atubu. Baba akamuuliza, "Nitubu nini, shehe?" Imamu akasema, "Wewe ndiye unayejua."

Lakini lililotuvunja ni bomba. Mama alipanga ndoo yake kwenye foleni kama siku zote, na mwanamke mmoja, jirani, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa mikononi mwa mama yangu, akaisogeza pembeni kwa mguu. Hakumtukana. Alisema tu kwamba mwenye mvua chini ya tanuri akachote huko. Wengine wakatazama mbali. Nilipokwenda mimi, ndoo yangu nayo ilisogezwa. Nikagombana mpaka nguo ya mtu ikachanika, nikarudi na ndoo tupu na aibu ya kupigana bombani katika umri wangu.

Nikawa naamka kwenda kule mtoni kabla jua halijachomoza, lakini nina cherehani na watoto, na siku nilipokwenda mnadani Mtinko kununua vitambaa mama alichukua ndoo akaenda mwenyewe. Baba alimkuta njiani ameshikilia jiwe kwa mikono miwili, ndoo imemwagika. Alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, mzee wa mvi. Mama aliacha kutetemeka jioni tu. Baba alikaa akimpepea kwa ungo.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha kikao ofisini. Aliweka maneno yake vizuri, sawa na kiongozi yeyote. "Serikali haiamini ushirikina," akasema, "lakini serikali inaamini amani. Mzee, watulize watu." Baba alisimama, akasema yule binti ni mtani, alikuwa anataniana naye wakati wa chakula, na shahidi yupo hapa ndani. Akamnyooshea mkono mdogo wake wa tumbo moja. "Muulizeni. Alikuwepo, tulikula naye."

Baba mdogo alikuwa na kofia mikononi. Aliigeuza, akaikagua ndani kama imeandikwa jibu. Akasema, "Mimi nilikuwa nakula. Sikusikia yote."

Shida yake nilikuwa naijua. Alikuwa amepanda alizeti kabla ya mvua, katika udongo mkavu, akitumaini kuwahi, na mbegu ilikuwa inaungua ardhini. Alitaka mvua kutoka kwa yeyote, hata kama ni kwa kaka yake kubebeshwa mzigo usio wake. Nimeambiwa na watu wazima nimsamehe kwa sababu hiyo. Nimejaribu, na imeshindikana. Mwandishi alikuwa mgeni, alikula akaondoka. Huyu alijua, na alinitazama akijua kwamba ninajua, kisha akaketi.

Baba aliendelea kusimama kidogo. Nadhani alikuwa anangoja mdogo wake anyanyuke tena. Kisha akauliza wazee wanataka nini, nao wakasema kondoo mweusi, na neno la kuifungua mvua mbele ya watu.

Nyumbani nilimlilia asifanye. Nilimwambia ukitamka utakuwa umekubali, hutalifuta neno hilo mpaka kufa. Mama naye, kitandani, akasema yuko tayari kufa na kiu. Baba akatujibu sote kwa pamoja. "Kwa hiyo nimzike mke wangu ili jina langu libaki safi? Jina litanichotea maji?" Alikwenda mwenyewe kumtafuta huyo kondoo, akampata Ilongero.

Kondoo alichinjwa pale kwenye tanuri. Baba alichinja kwa bismillahi, hilo hakukubali mtu amnyang'anye. Kisha wakamngoja. Alitazama chini, akasema kwa Kinyaturu, na nalitafsiri vile lilivyokuwa: "Kama niliifunga, nimeifungua." Mzee mmoja akamwambia hapana, hakuna "kama". Baba akarudia. "Nimeifungua." Nyama ikagawanywa. Baba mdogo alipewa paja, akalipokea.

Kesho yake ndoo ya mama ilipokelewa bombani. Wanawake walimpisha mbele, wakamuuliza hali ya kichwa. Yeye alirudi na maji akayaweka kwenye mtungi, akalala akiwa ameelekea ukutani. Baba hakwenda kwenye matofali. Yalikuwa yamepangwa uwanjani mistari kwa mistari, kazi ya msimu mzima, na majani ya kuyafunika yakapeperushwa na upepo bila mtu kuyarudisha.

Wiki haikuisha, mawingu yakaja kutoka upande wa Mtinko.

Nilikuwa mtu pekee kijijini niliyeomba yapite. Mungu anisamehe, nilikuwa na njaa kama wenzangu na shamba kavu kama wenzangu, lakini niliomba ile mvua ituruke, iende Shelui, iende Manyoni, inyeshe popote na ije kwetu mwezi mwingine, bila baba yangu. Ikanyesha saa ileile. Ilinyesha vizuri, mvua ya kutulia, ile ambayo wakulima huiomba kwa miaka. Mtu akisaliti namwelewa, binadamu ndivyo tulivyo. Mvua je, tuliikosea nini?

Vigelegele vilitoka kila nyumba. Watu walikimbia nje wakilowana, na wengi wao walikimbilia kwetu. Yule jirani wa bombani alikuja bila kilemba, akapiga magoti kwenye tope mbele ya baba. "Shikamoo baba. Asante baba. Tusamehe, tulikuwa tumekosa imani." Mwingine alileta jogoo. Walimshukuru kwa moyo safi kabisa, na sijui kama nimewahi kuona kitu kibaya zaidi. Baba mdogo alikuja mwisho, akamshika kaka yake mikono yote miwili, akacheka kwa furaha ya alizeti yake. Simu yangu ikaita, na alikuwa yule binti. "Dada, nasikia huko kwenu imenyesha! Naomba niongee na mzee hata kidogo, kwa ajili ya kipindi." Nilimwambia neno ambalo mama alinikemea kwalo kutoka ndani, kisha nikaizima.

Walipoondoka, baba alibaki chini ya upenu. Mbele yetu matofali yalikuwa yanakatika pembe, yanalegea, yanarudi kuwa udongo na kutiririka kuelekea njiani. Nilichukua kipande cha turubai niyaokoe yaliyobaki, akanishika mkono akanikalisha.

"Hivi mwanangu," akasema.

"Naam baba."

"Siku ile ya kondoo, nilipotamka lile neno mara ya pili, nilisikia kitu kimelegea hapa." Akagusa kifua. "Wewe una uhakika gani kwamba si mimi niliyeifunga?"

Alinigeukia. Alikuwa ananiuliza kweli, na alikuwa anangoja nimjibu.